Miezi mitatu kijijini Palestina: kazi ilikuwa kukaa, kutazama na kuhesabu (uzi mrefu kidogo)

Binti_Machame

Wadau, juzi kwenye uzi wa Mashariki ya Kati nilidokeza kwamba niliwahi kuishi miezi mitatu kwenye kijiji kimoja cha Ukingo wa Magharibi (ardhi ya Wapalestina inayoshikiliwa na Israeli), basi inboksi imejaa. Nimeona niandike hapa mara moja, kila mtu asome. Itakuwa kwa vipande. Niko zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee huku Sweden, kengele ikilia naondoka.

Ilikuwa Septemba hadi Desemba 2017. Baraza la Makanisa Ulimwenguni lina mpango ulioanza 2002, baada ya wakuu wa makanisa ya Jerusalemu kuwaomba wenzao wa nje waje wakae na watu badala ya kutoa matamko kutoka mbali. Watu wanatoka nchi mbalimbali, wanakaa miezi mitatu, wanaondoka, wanakuja wengine. Unapewa kizibao cha rangi ya kaki chenye nembo, daftari na simu. Humzuii mtu, husukumani na askari, hushiki bango. Unakaa hapo, unatazama, unaandika.

Mama yangu Machame nilipomweleza kwa simu aliniuliza swali moja tu: "Kwa hiyo wanakulipa kwa kuangalia watu?" Nikamwambia mama, hata huko kulipwa hakupo, ni posho ya kula. Akanyamaza. Kisha akasema basi nimsalimie Bethlehemu.

Kijiji sitakitaja, wenyeji wangu bado wako pale na wajukuu wao wanapita njia ile ile kwenda shule. Tuseme kiko upande wa Nablus, bondeni. Juu ya vilima kuna makazi ya walowezi, yaani Waisraeli waliohamia ardhi hiyo, na pembeni yake yale mabanda wanayotanguliza kileleni kabla hayajageuka mtaa wenye lami. Usiku kijijini utahesabu taa kumi na kitu. Kule juu kunawaka kama Moshi mjini ukiwa Kibosho.

Tulikuwa wanne kwenye nyumba moja: mimi, mzee wa Kiswidi aliyestaafu posta, kijana wa Uswisi, na mama wa Afrika Kusini aliyekula chumvi nyingi. Mwenye nyumba alikuwa bibi wa miaka sabini na ushee. Hakuna aliyemwita kwa jina lake, wote walimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama sisi tunavyosema Mama Fulani.

Kitu cha kwanza nilichojifunza ni tangi la maji. Nyumba za Wapalestina utazijua kwa matangi meusi juu ya paa, kwa sababu maji hayaji kila siku, yakija unajaza. Bibi alikuwa akipanda ngazi asubuhi analigonga tangi kwa kifundo cha kidole, chini, katikati, juu, huku ametega sikio. Kama daktari na kifua cha mgonjwa. Pale mlio unapobadilika ndipo maji yalipoishia. Katikati kulikuwa na tundu la risasi, limezibwa kwa kijiti kilichochongwa na kuzungushiwa kipande cha mpira wa tairi. Nilimuuliza lini. Akanionyesha kwa mkono, ile ishara ya "zamani, zamani". Akaendelea kugonga.

Kengele. Narudi.

Mzee_wa_Busati

Nimetandika busati langu mbele kabisa. Lete, binti.

Mtumishi_77

Dada yangu, kwa heshima. Israeli ni taifa teule, Biblia iko wazi. Ungeenda kuhiji kama wengine ungerudi na baraka, wewe umeenda kukaa na wanaorusha mawe. Hao waangalizi wote wana upande wao.

Fundi_Bomba

Hicho kijiti walizibia kwa ndani au kwa nje? Nauliza kama mtu wa fani.

Binti_Machame

@Fundi_Bomba kwa nje, kwa macho yangu. Mbona swali zuri kuliko yote.

@Mtumishi_77 baba yangu alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri miaka thelathini, kwa hiyo hiyo Biblia nimekua nayo. Nakuuliza na mimi kwa heshima: unajua kwamba Bethlehemu kuna kanisa la Kilutheri? Nimesali humo Jumapili kadhaa. Tuliimba kila mtu kwa lugha yake, mimi kwa Kiswahili, mzee wa mbele yangu kwa Kiarabu, na ubeti ukaisha pamoja. Baada ya ibada yule mzee akaniambia yeye kwenda Jerusalemu, mwendo wa kilomita kumi hivi, lazima aombe kibali, kisha apange foleni kwenye mlango wa ukaguzi wa wanaotembea kwa miguu. Krismasi na Pasaka vibali vinatolewa, lakini ndani ya familia moja baba anapata, mama hapati. Basi hao "wanaorusha mawe" ni pamoja na wazee wa usharika wa Kilutheri.

Upande wangu sikuuficha. Mpango wenyewe hauna siri, unasema unafuata sheria za kimataifa, na kwa sheria hizo ardhi ile inakaliwa kwa mabavu na Israeli. Siku hizi tena kuna maoni ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya tarehe 19 Julai 2024 kwamba kuendelea kuwepo kwa Israeli kule ni kinyume cha sheria. Ila kwenye daftari langu nilitakiwa kuandika ninachokiona, si ninachokihisi. Msimamizi alikuwa akifuta vivumishi. Ukiandika "askari mkali" anakata "mkali", anakuuliza: alifanya nini?

Kahawa_Chungu

Mimi niko Mombasa. Nilienda hija na kanisa letu 2014, siku nane. Kuingia Bethlehemu na kutoka tulipita kwa basi. Askari msichana akapanda, akatuangalia, akauliza "Kenya?", sote tukapiga kelele "Kenya!", akacheka akashuka. Hazikufika dakika tano. Sikujua kuna mlango mwingine wa wanaotembea kwa miguu hadi nasoma uzi huu. Hebu tueleze huo mlango.

Binti_Machame

Nimerudi. Mzee wa chumba cha tatu alitaka chai saa saba usiku, huwezi kumnyima.

@Kahawa_Chungu huo mlango ndio umenifanya niandike. Kila timu ilikuwa na siku za kwenda kusaidia timu nyingine, nami nikapangwa Bethlehemu wiki mbili. Kituo cha ukaguzi cha Waisraeli pale, cha kuingilia Jerusalemu, wanakiita 300. Tuliamka saa tisa usiku, saa kumi kasoro tuko getini. Wanaume walishakuwepo tangu saa nane, wengine wametoka vijiji vya Hebroni, wamelala kwenye basi. Ni mafundi ujenzi, wabeba tofali, watu wa vigae. Kabla ya Oktoba 2023 Wapalestina zaidi ya laki moja wa Ukingo wa Magharibi walikuwa wakifanya kazi Israeli na kwenye makazi ya walowezi. Baada ya pale vibali karibu vyote vikafutwa, kwa hiyo ninayoeleza ni ya wakati huo.

Chukua picha hii. Ukuta wa zege wa mita nane kushoto. Kulia vyuma. Katikati njia nyembamba kama ile wanayopitishia ng'ombe kwenda josho. Mwisho wa njia kuna lango la chuma linalozunguka, kama yale ya uwanja wa mpira, linapitisha mtu mmoja mmoja, likiwaka taa nyekundu linasimama hata kama uko katikati yake. Wanaochelewa wanapanda juu ya vyuma na kutambaa juu ya vichwa vya wenzao, maana bosi wa upande wa pili hangoji. Pembeni mzee anauza kahawa na mikate ya ufuta. Kuna anayeswali juu ya kipande cha boksi, kuna anayelala kwa kusimama.

Mimi nilisimama na kile kidude cha kubonyeza cha kuhesabia abiria. Kila kichwa, bonyeza. Tangu saa kumi hadi saa moja asubuhi kidude changu kilivuka elfu nne. Kidole gumba kinakufa ganzi, na unajikuta huoni tena watu, unaona vichwa. Hilo nililiandika pia kwenye daftari, msimamizi akalifuta.

Palikuwa na mlango wa pembeni kwa ajili ya wagonjwa, wazee, wanawake na watoto wa shule. Unatakiwa ufunguliwe kukiwa na msongamano. Mara nyingi ulikuwa umefungwa. Kazi yetu ilikuwa kupiga simu namba fulani ya dharura na kusema kwa adabu: habari za asubuhi, kuna mama hapa na mtoto ana rufaa ya hospitali Jerusalemu, mlango haujafunguliwa. Unajibiwa tunaangalia. Unasubiri. Unapiga tena. Siku moja ulifunguliwa baada ya dakika arobaini. Siku nyingine yule mama aligeuza akarudi nyumbani kwa sababu miadi ilishapita.

Yule mama wa Afrika Kusini alimwomba kijana mmoja ampe kibali chake akione. Karatasi yenye picha, saa za kuingia, saa za kutoka. Akaishika kwa mikono miwili muda mrefu mpaka kijana akaanza kuwa na wasiwasi na foleni. Alipomrudishia alituambia baba yake alikuwa na kijitabu cha hivyo enzi za ubaguzi wa rangi, na kwamba hakuwahi kufikiri angekishika tena cha mtu mwingine. Kisha akaendelea kubonyeza.

Mutu_ya_Bukavu

Asanti dada kwa hadisi. Lakini mimi niko na swali, na usikasirike. Sisi huku Kivu, Congo, tuliona waangalizi miaka mingi. MONUC, jeshi la Umoja wa Mataifa, ilikuja 1999, ikageuka MONUSCO 2010. Magari meupe, kofia za buluu, madaftari. Watu wanauawa kilomita tano, wao wanaandika ripoti nzuri. Mwezi wa 6 mwaka 2024 walitoka Sud-Kivu, mwezi wa 2 mwaka 2025 waasi wa M23 wakaingia Bukavu. Nyumba ya jirani yangu imebomolewa, hakuna mutu alihesabu. Sasa kuhesabu inasaidia nini? Na mbona wazungu wanakwenda Palestina kutembea na watoto wa shule, huku hawakuji?

Mzee_wa_Busati

Swali hilo limenigusa hata mimi. Usilikwepe, binti.

Binti_Machame

Silikwepi. @Mutu_ya_Bukavu, pole sana kwa jirani na kwa yote. Nimesoma mara mbili kabla ya kujibu.

Kwanza, unasema kweli kwamba macho ya dunia hayagawiwi sawa. Palestina ukitua asubuhi, mchana umeshafika kijijini, jioni una intaneti. Ardhi Takatifu kila Mkristo wa Ulaya anaijua ramani yake tangu shule ya Jumapili. Kivu hawaijui. Sina la kutetea hapo.

Pili, kuna kuangalia na kuangalia. Nitoe mifano miwili ya kweli, moja iliyofanya kazi na moja iliyokwama.

Kuna kijiji kidogo kinaitwa Yanun, karibu na Aqraba. Oktoba 2002 familia za pale zilifunga virago zikaondoka, baada ya muda mrefu wa kusumbuliwa na walowezi wa vilimani, jenereta lao limechomwa. Kijiji kikabaki kitupu. Siku chache baadaye walirudi, kwa sababu Waisraeli wa kikundi cha Ta'ayush na wageni wengine walikubali kwenda kulala nao. Tangu hapo kwa miaka mingi mpango wetu uliweka watu pale bila kukatika, wakipokezana. Hawakuwa na silaha. Walichofanya ni kulala pale, kunywa chai na kutembea kijijini jioni wakiwa na vile vizibao ili wa juu waone kuna macho.

Sasa Hebroni. Februari 1994 mlowezi mmoja aliua waumini 29 wakiwa kwenye sala ndani ya Msikiti wa Ibrahimu. Baada ya hapo wakawekwa waangalizi rasmi kutoka nchi za nje, TIPH. Hao walikuwa na mkataba, magari, kila kitu. Lakini ripoti zao hazikuwa za umma, zilienda kwa wakubwa wa pande mbili na serikali zilizowatuma. Januari 2019 Netanyahu, waziri mkuu wa Israeli, akakataa kuongeza muda wao, wakaondoka. Hao ndio wanaofanana na wa kwako: kuona wanaona, wanayoyaona yanaingia kabatini.

Kuhesabu ukijumlisha na kulala pale pale, na kusema hadharani, kunapunguza kasi. Hakuzuii. Sitadanganya mtu hapa kwamba nilizuia kitu. Na ndiyo, nilikuwa na pasi ya Sweden mfukoni na tiketi ya kurudi. Bibi hakuwa nayo.

Mutu_ya_Bukavu

Sawa. Umejibu. Endelea, nafuata.

Shangazi_Pemba

Assalaam alaykum. Niko Muskat miaka kumi na tisa. Mwanangu, ulizungumza nao lugha gani?

Binti_Machame

Waalaykum salaam shangazi. Kiingereza kidogo, ishara nyingi, na Kiswahili kilichoniokoa! Mjukuu wa bibi, wa miaka tisa, alikuwa anafanya kazi ya nyumbani nikamwambia "kitabu". Akanyanyua kichwa. Nikasema sukari, sabuni, samaki, dakika, safari, sahani. Akapiga kelele hadi mama yake akaja. Jioni ile walikaa wananipima maneno, nami nawapima. Neno "habari" liliwashangaza, kwao ni habari za redioni, wakaniuliza mbona mnasalimiana kwa taarifa ya habari. Kwa kule jibu la salamu hiyo kweli linahitaji redio, maana kila asubuhi wanaulizana: barabara ya Huwara iko wazi? Geti la chini limefungwa?

Na maneno niliyojifunza mimi: *tasrih*, kibali. *Hajiz*, kizuizi. *Tansiq*, mapatano ya siku za kuingia shambani kwako. Miezi mitatu na hayo matatu ndiyo niliyoyasikia kuliko "asante".

Kahawa_Chungu

Mapatano ya kuingia shambani kwako mwenyewe? Fafanua hapo.

Binti_Machame

Oktoba ni msimu wa zeituni, na hapo ndipo nilielewa mambo.

Kwa Mkataba wa Oslo wa pili kati ya Israeli na Wapalestina, 1995, Ukingo wa Magharibi uligawanywa A, B na C. C ni kama asilimia 60 ya ardhi yote, na humo Israeli ndiyo yenye amri juu ya ujenzi na usalama. Nyumba za kijiji chetu zilikuwa B, ambako ujenzi uko chini ya Wapalestina wenyewe, mashamba mengi C. Kwa hiyo unalala upande mmoja wa sheria, unalima upande mwingine. Ukijenga choo kule C bila kibali kinavunjwa, na kibali hupati. Shamba likiwa karibu na makazi ya walowezi, jeshi linakupa siku kadhaa kwa mwaka za kuingia. Bibi alipewa siku tatu. Miti yake ilikuwa sitini na kitu. Hebu wakulima wa kahawa wa kwetu nisaidieni hesabu: sitini kwa siku tatu, mvua ya kwanza imeshanyesha, na siku ya pili geti likafunguliwa saa nne badala ya saa kumi na mbili.

Mnatandika maturubai chini ya mti. Wazee wanachana matawi kwa vichanuo vya plastiki, kama kumchana mtoto nywele, zeituni zinadondoka kama mvua ya mawe. Vijana juu ya ngazi. Mimi niliwekwa kwenye kuchambua majani, baada ya bibi kuona ninavyochana. Chai inachemka palepale kwenye birika jeusi, ndani yake majani ya maramia. Saa ya chakula mkate, mafuta, nyanya, vitunguu. Mafuta wanayapima kwa debe la bati la kilo 16 hivi. Debe, jamani! Nilitaka kulia kwa kukumbuka gulio la Kibosho.

Na sababu hawakubali kuacha hata mti mmoja ni hii. Kuna sheria ya ardhi ya Waosmani ya mwaka 1858 ambayo Israeli inaendelea kuitumia: ardhi isiyolimwa miaka mitatu mfululizo inaweza kutangazwa ya dola. Sasa unganisha. Nakuzuia kwenda shambani kwa sababu za usalama, halafu nakuandikia kwamba hulimi. Kwetu tunajua habari za shamba pori kufutiwa hati, lakini angalau hakuna askari aliyesimama kwenye mpaka wa shamba kukuzuia usilime.

Siku ya tatu, saa nane mchana, vijana wanne walishuka kutoka kilimani. Wamefunika nyuso. Jiwe moja lilipita karibu na ngazi. Tukasogea mbele na vizibao vyetu kama tulivyofundishwa, simu juu, tunarekodi. Askari wawili waliokuwa pale wakaja, nikadhani wanakwenda kwa wale vijana. Wakaja kwetu. Wakatuambia siku ya leo imekwisha, kwa usalama wenu, ondokeni. Miti kumi na moja ikabaki na zeituni zake. Bibi hakusema kitu. Alikunja turubai, akarudi kuokota zile zilizodondoka pembeni, moja moja, akazitia kwenye mfuko wa aproni. Askari akamngoja.

Daftari langu la siku hiyo: "Saa 8:10 walowezi 4. Saa 8:25 jeshi laamuru wakulima kuondoka. Miti 11 haikuvunwa." Mistari mitatu.

Mtumishi_77

Dada, nimekusoma. Lakini useme na upande wa pili. Tarehe 7 Oktoba 2023 vijana wetu wawili wa Kitanzania, wanafunzi waliokwenda kujifunza kilimo, waliuawa na Hamas. Mwili wa mmoja ulikaa Gaza miaka miwili. Na wao walikuwa shambani.

Binti_Machame

Kaka, hilo halina "lakini". Waliuawa, walikuwa watoto wa watu, na nilihudhuria ibada ya kuwaombea huku. Nilipoandika kwenye kundi la WhatsApp la wale tuliokuwa nao kijijini kwamba Watanzania wawili wametoweka, mjukuu wa bibi, wakati huo ameshakuwa kijana wa miaka kumi na tano, alinitumia pole kabla ya Mswidi yeyote. Unaweza kuandika lao na la zile zeituni kwenye daftari moja. Mimi nimeandika.

Na usidhani hakuna Waisraeli wanaoona. Pale kituo cha 300 tulikuwa tukikutana na akina mama wa MachsomWatch. Ni wanawake wa Kiisraeli walioanza 2001 kwenda kusimama vituoni na kuandika. Bibi mmoja mwenye mvi na fimbo, anamkemea askari kwa Kiebrania kama anavyokemewa mjukuu: fungua mlango huo, watu wanaumia. Mara moja moja ulifunguliwa kwa sababu yake kuliko kwa simu zetu zote. Kuna na marabi wanaokuja kuvuna.

Kahawa_Chungu

Na hatari? Binti yangu wa chuo anasoma hapa begani kwangu, ameshaanza kuuliza maswali ya maombi ya kujiunga. Nataka jibu la mzazi.

Binti_Machame

Jibu la mzazi: ipo. Rachel Corrie, Mmarekani wa miaka 23, alikanyagwa na tingatinga la jeshi la Israeli huko Rafah, Gaza, tarehe 16 Machi 2003 akizuia nyumba isivunjwe. Ayşenur Ezgi Eygi, Mmarekani mwenye asili ya Uturuki, alipigwa risasi Beita, upande ule ule wa Nablus nilikokuwa, tarehe 6 Septemba 2024. Hao walikuwa wa kikundi kingine, ambacho hushiriki maandamano. Sisi hatukuruhusiwa. Hata hivyo huko Masafer Yatta, kusini ya Hebroni, wageni waliokuwa wakisindikiza watoto wa Tuba kwenda shule ya At-Tuwani walipigwa na walowezi wenye minyororo mwaka 2004, mpaka bunge la Israeli likaingilia na jeshi likaamriwa lisindikize watoto lenyewe.

Mimi nilitemewa mate mara moja na lile jiwe likanikosa. Usiku nililala vizuri, isipokuwa wiki ya Desemba 6, Trump alipoitangaza Jerusalemu kuwa mji mkuu wa Israeli. Hapo mabomu ya machozi yalikuwa yanaingia mpaka jikoni, na bibi alituwekea vipande vya kitunguu puani.

Pia aende akijua anaweza kurudishwa uwanja wa ndege. Tangu Machi 2017 kuna sheria ya kumzuia mgeni anayeunga mkono wito wa kususia Israeli. Akiwa ana hasira za haraka, asubiri akue. Kazi yenyewe ni kuchoka na kunyamaza.

Fundi_Bomba

Samahani kurudi nyuma. Tangi la plastiki, tundu la risasi, kijiti na mpira wa tairi vinashika miaka yote hiyo? Jua la kule linapasua plastiki. Ukiongea nao waulize kama bado kinashika.

Binti_Machame

Hahaha, sawa fundi. Nimemtumia kijana ujumbe, kule kumeshapambazuka.

Mzee_wa_Busati

Tunasubiri majibu ya tangi. Na bibi je?

Binti_Machame

Bibi alifariki 2021, corona. Nilipata habari nikiwa kazini, na mask mbili usoni. Siku hizi shamba linaendeshwa na mwanawe, na tangu vita vya 2023 kufika kwenye ile miti ya juu hawajaweza hata siku moja. Wanavuna ya chini tu.

Kijana amejibu. Anasema lile tangi walilikata katikati. Nusu wanapandia maramia, nusu wananyweshea kondoo. Walinunua jipya, nalo limeshazibwa mara mbili. Safari hii wametumia gundi.

Fundi_Bomba

Gundi gani?